Utoto wa kipigo na kutelekezwa: kwa nini mmoja anatoka salama, mwingine hatoki?

#1 KijanaWaMafinga (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Swali langu ni hili. Watu waliolelewa nyumba moja, kipigo kimoja, njaa moja, kwa nini mmoja anatoka mzima na mwingine anabaki na majeraha mpaka uzeeni?

Kwetu ni Mufindi, tumezaliwa watano. Mzee alikuwa anafanya kazi za mbao huko Sao Hill. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukianza, tulijua mvua zimekuja na balaa lake. Akitoka kilabuni anaweza kuingia anaimba na maandazi mkononi, au akaingia na mpini wa shoka. Huwezi kujua. Mama alipochoka alirudi kwao, sisi tukabaki. Mahindi yalikuwepo ghalani, ila ufunguo wa kufuli mzee anatembea nao mfukoni, na akilala hukohuko sisi tunalala na maji.

Leo dada yetu mkubwa ana duka Makambako, ana familia, anacheka vizuri. Kaka anayemfuata hajawahi kudumu kazini wala kwenye ndoa. Mdogo wetu wa mwisho haongei, ukimuuliza jambo lolote anajibu "sawa tu". Mimi nina kazi na watoto, lakini nikisikia komeo la geti usiku mwili mzima unasimama, na mzee tumeshamzika siku nyingi.

Nadharia yangu: kilichotuharibu si fimbo yenyewe, ni kutojua inakuja lini. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mwl_Mstaafu
Pole sana kijana wangu. Nakupinga kama ulivyoomba. Nimeshika chaki Chunya, Rungwe na hapa Mbeya mjini mpaka nikastaafu. Wanafunzi niliowachapa leo wananisimamisha Mwanjelwa, wananibebea kikapu, wananiita baba. Kilichowaumiza ninyi ni ulevi wa mzee na mama kuondoka. Kosa la mlevi mmoja lisitumike kuifukuza fimbo shuleni na nyumbani. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kizazi hiki kisichoguswa ndicho kinachotukana walimu mitandaoni.

#3 Ndaga_Fijo
Mwalimu shikamoo. Wanaokusimamisha Mwanjelwa ni wale waliotaka kukusimamisha. Wanaovuka barabara wakikuona huwezi kuwajua, maana hawafiki kukusalimia. Nasema kwa heshima zote. Kuna mwalimu wangu wa darasa la nne, nikimwona hadi leo napita kichochoroni, na mimi ni baba wa watu.

Halafu tusisahau ile video ya 2016 ya hapahapa Mbeya, walimu wa mafunzo wanamshambulia mwanafunzi mmoja kwa makofi na mateke. Nchi nzima iliona. Ndiyo maana sheria imeshapiga marufuku viboko.

#4 KaraniWaBaraza
#3 rekebisha hapo mwishoni. Viboko havijapigwa marufuku. Kanuni za elimu zinaruhusu visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina.

Nyumbani kuna Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha. Kinasema pia kwamba kumrudi mtoto kusikolingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili hakuna utetezi. Kwa hiyo kuna mlango umeachwa wazi, na kila mzazi anapita hapo na fimbo yake akisema yeye anarudi tu. Lakini mpini wa shoka hauna utetezi mahali popote.

#5 Mwl_Mstaafu
@Ndaga_Fijo marahaba. Karani amesema kweli: vinne, na kitabuni. Shule zangu zote kitabu kilikuwepo.

#6 Ndaga_Fijo
Kitabu kilikuwepo mwalimu wangu. Vyote vilivyochapwa viliandikwa?

#7 MnyaluWaKihesa
Kamwene wote. Mnazunguka bure. Hasira ni damu. Wahehe tuko hivyo tangu Mkwawa anawafyeka Wajerumani pale Lugalo 1898. Mzee wako alirithi, kaka yako amerithi, dada yako kafuata damu ya mama. Kwisha habari.

#8 Gangilonga_Juu
Kamwene mnyalukolo. Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891. 1898 ndio mwaka aliokufa Mkwawa. Fuvu lake lilirudishwa 1954, liko Kalenga pale, si mbali na unapokaa. Na wale waliommaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, siku ile walijificha, wakasubiri, wakafuata amri. Watu wa hasira za hovyo hawawezi kazi hiyo. Usimtwishe Mkwawa mambo ya kilabuni.

#9 BajajiKabwe
Mnyalukolo leo kakosa pa kushika 😂

#10 MnyaluWaKihesa
Tarehe nakubali. Damu siachii. Mbona kuna watoto hawajaguswa maisha yao yote na ni wakali kama nini?

#11 NesiWaTukuyu
Niko zamu ya usiku, nitaandika nikipata nafasi.

Mleta mada, nadharia yako ina mashiko. Mtoto akitishwa, mwili unamwaga homoni za hofu, kortiso ikiwemo. Moyo unakimbia, misuli inakaza, usingizi unaruka. Hatari ikipita, mwili unatulia. Sasa mtoto asiyejua hatari inakuja saa ngapi hapati ule muda wa kutulia. Miaka hiyo ndiyo ubongo unajijenga, na unajijenga kwa kuifuata nyumba uliyomo. Ndiyo maana komeo linakusimamisha wakati akili yako inajua kabisa mzee hayupo. Hujarogwa, na wewe si mwoga.

Kuna utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa 1998, ulifanyika San Diego, Marekani. Kwa jumla walihojiwa watu zaidi ya 17,000, watu wazima, kuhusu mambo ya kabla ya miaka 18: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kutelekezwa, kuishi na mlevi, mama kupigwa, mtu wa nyumbani kufungwa au kuwa na ugonjwa wa akili, wazazi kuachana. Waliopitia manne na kuendelea walikuwa na hatari kubwa zaidi, mara kadhaa, ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua. Hata magonjwa ya moyo na mapafu yalikuwa mengi kwao. Na kadiri mambo yalivyoongezeka ndivyo hatari ilivyopanda.

Jihesabieni kimyakimya, msiandike hapa.

#12 Chunya_Dhahabu
Wazungu hao, wana muda wa kuhesabu huzuni. Shida yetu sisi ni umaskini. Yule mzee wa Mufindi mpe mshahara wa maana uone kama atagusa mtu.

#13 NesiWaTukuyu
Chunya, waliohojiwa walikuwa watu wa bima ya afya, wengi wao wamefika chuo. Hawakuwa maskini.

Na ya kwetu ipo. Utafiti wa kitaifa ulifanyika 2009, matokeo yakatangazwa 2011, Bara na Zanzibar. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya miaka 18, na ndugu au watu wenye mamlaka juu yao kama walimu wamo. Ukatili wa kingono ni karibu wasichana 3 kwa kila 10 na mvulana 1 kwa kila 7. Hizo ni nyumba za kila aina, za bati na za ghorofa.

#14 Gangilonga_Juu
Nyongeza kwa nesi ili watu wasijihukumu usiku huu: Anda mwenyewe baadaye alionya kwamba hesabu ile haifai kumpima mtu mmojammoja. Inaeleza watu wengi kwa pamoja. Unaweza kuwa na sita na ukawa mzima, ukawa na moja na ikakumaliza. Kwa hiyo bado hatujajibu swali la #1.

#15 Chunya_Dhahabu
Sawa, tajiri naye anapiga. Lakini mtoto wa tajiri akipigwa analala kashiba.

#16 DadaWaKilolo
Nilikuwa nasoma tu. #15 ndiye amenifanya niandike.

Nilitolewa Kilolo nikiwa darasa la tano. Shangazi alisema napelekwa Dar kusoma. Nilipofika nikapewa mtoto wa kubeba mgongoni. Hawakunipiga. Nalisema hili ili mleta mada alione: kwenye nyumba ile sikupigwa hata kibao. Ila jina langu hawakuwahi kulitaja, nilikuwa "we dada", na binti yao mkubwa alikuwa amenizidi umri. Nilikula wakishamaliza, jikoni, nimesimama, kilichobaki. Nikiugua wananiacha mpaka nipone mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniuliza umeamkaje. Hela ilikuwa inakwenda kwa shangazi.

Sasa nina nyumba yangu na mgahawa mdogo Ipogolo, kutwa nalisha watu. Lakini siwezi kula mezani mtu akiniangalia. Na ukifungua kabati langu la nguo, chini ya kanga utakuta mkate. Unaota ukungu, nautupa, lakini siutupi kabla sijaweka mwingine. Mume wangu mwanzoni alikuwa ananicheka. Siku hizi akipita dukani ananunua yeye, anakuja kuuweka palepale bila kusema kitu.

Kipigo kiko wapi hapo? Mimi nasema kutokuwa mtu machoni pa watu unaokaa nao kunaumiza kuliko fimbo.

#17 Mama_Wawili
Pole sana mdogo wangu. Huyo mume Mungu amtunze.

#18 KaraniWaBaraza
Dada pole. Kwa wanaosema ni msaada wa ndugu: Sheria ya Mtoto imeweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na hapo ni kazi nyepesi isiyomzuia shule. Darasa la tano ni miaka 11 au 12. Lile lilikuwa kosa la jinai, shangazi na bosi wote wawili. Na mabasi ya alfajiri ya kutoka Iringa bado yanabeba mabinti wa umri huo, kila mtu anaona, konda anaona.

#19 NesiWaTukuyu
Alichoandika dada kina ushahidi. Bucharest, Romania, watafiti Nelson, Fox na Zeanah walifuatilia watoto 136 waliowekwa vituoni tangu wachanga. Watoto wengi, wahudumu wachache wanaobadilishana zamu, hakuna mtu wa kwake. Nusu wakapelekwa kwa kura kwenye familia za kulea, nusu wakabaki. Waliobaki walikuwa nyuma kwa akili na kwa lugha, na hata ubongo ulipopimwa ulionyesha tofauti. Waliohamishwa kabla ya miaka 2 ndio waliopata nafuu zaidi. Mtoto anahitaji mtu yuleyule wa kumjibu akilia. Asipojibiwa muda mrefu, anaacha kulia, na watu wanasema katulia.

#20 Mwl_Mstaafu
Kwa hiyo si fimbo. Nilisema.

#21 Ndaga_Fijo
Mwalimu, ulisema ulevi. Soma #2.

#22 BajajiKabwe
Acha niweke utani pembeni. Sisi ni wa Makambako, barabara kuu ya Zambia inapita mlangoni. Wazazi waliondoka kwa ule ugonjwa, mmoja akamfuata mwenzake. Ndugu waligawana vitu, wakagawana mashamba, halafu wakatugawana sisi. Mimi nikaangukia kwa bibi mzaa mama, Rungwe. Mdogo wangu akachukuliwa na baba mdogo kwenda kuchunga ng'ombe Usangu.

Bibi alikuwa maskini, migomba na kashamba kadogo ka chai. Mkali, fimbo alikuwa anaijua. Lakini kila jioni anauliza leo umeona nini, na lazima useme. Ukimwambia mwalimu kakuonea, anajifunga kitenge anakwenda. Mwalimu akiwa na haki, anarudi kukuongezea.

Mdogo wangu hakuwa na wa kwenda kokote kwa ajili yake. Leo akishika hela anakimbia. Hamwamini mtu, hata mimi. Nikimpa elfu kumi anaigeuza mara mbili kutafuta mtego uko wapi. Baba mmoja, mama mmoja. Mnyalukolo nieleze, damu hapo iko wapi?

#23 MnyaluWaKihesa
Pole ndugu yangu. Kwa bibi wa Kinyakyusa damu inasalimu amri, hilo nakupa. Ila ninyi Wanyakyusa kwa kusifia bibi zenu hamjambo.

#24 Gangilonga_Juu
BajajiKabwe, bibi yako yuko kwenye utafiti. Kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 mpaka wakawa watu wazima. Kati ya waliokulia kwenye hali ngumu kabisa, umaskini, ugomvi, ulevi, magonjwa ya akili nyumbani, theluthi moja walikua vizuri, watu wa kutegemewa. Kilichojitokeza kwao mara kwa mara ni mtu mzima mmoja aliyewashikilia. Bibi, shangazi, jirani, mwalimu. Ndiyo, mwalimu pia.

#25 Chunya_Dhahabu
Theluthi moja tu. Hao wengine wawili kati ya watatu ndio tumewatupa?

#26 Gangilonga_Juu
Swali zuri. Wengi wao waliosumbua ujanani walikuja kutulia wakifika miaka ya thelathini na arobaini. Ndoa nzuri, dini, kurudi shule, wengine jeshi. Kaka wa mleta mada bado yumo kwenye hesabu.

#27 Mchungaji_Uyole
Bwana asifiwe. Nimefuatilia kwa makini. Elimu zote hizi ni njema, lakini ulevi na ugomvi ni roho zinazofuata ukoo, baba kwa mwana, mpaka zikatwe kwa maombi. Nimeona kwa macho yangu watu wakifunguliwa, wakaacha pombe siku hiyohiyo.

#28 DadaWaKilolo
Mchungaji, mimi nimeombewa sana na mkate bado uko kabatini. Ila kanisani ndipo nilipoitwa kwa jina langu mara ya kwanza baada ya kutoka Dar. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza naitwa nani, Jumapili iliyofuata akalikumbuka. Sasa sijui haki nikupe wewe au nimpe bibi wa #22.

#29 KijanaWaMafinga
Asanteni wakuu. Baada ya kusoma #24 nimempigia dada. Nimemuuliza wewe ulitokaje salama. Akaniambia kuna mama jirani, mke wa fundi cherehani, alikuwa anamwita jioni akamsaidie kuchambua mboga, anakula huko, siku mbaya analala huko. Sisi wavulana tulijua anakwenda kufanya kazi.

Nikafurahi, nikasema jibu limepatikana. Halafu nikakumbuka mdogo wetu wa mwisho alikuwa anakwenda hukohuko, mgongoni kwa dada. Alikula chakula kilekile. Na ndiye haongei. Kwa hiyo habari ya mtu mmoja inanikatikia hapo.

Na kaka, dada amenikumbusha, ndiye aliyekuwa anasimama mlangoni mzee akiingia, sisi tukipita dirishani. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Kila siku nilimwona mkorofi wa familia.

#30 Mama_Wawili
Huyo kaka mpigie na yeye, usiishie kwa dada.

Halafu huyo mdogo alikuwa na umri gani mama yenu alipoondoka? Kama alikuwa bado ananyonya, hiyo ni habari nyingine. Ninyi wakubwa mlipoteza mama mliyemjua. Yeye alipoteza kitu ambacho hata jina hakukipa.

#31 KijanaWaMafinga
Alikuwa hajatimiza mwaka.

#32 NesiWaTukuyu
Basi nirudi kwenye njaa pia, maana naiona kliniki kila wiki. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, wakati wastani wa nchi ni 30. Ndiyo mikoa inayolisha nchi. Mama anaondoka alfajiri kwenda kwenye viazi au kuchuma chai, mtoto anabaki na mwenzake wa miaka sita na kiporo cha ugali mpaka jioni. Huyo mama siwezi kumwita mtelekezaji, namwona anavyorudi na mgongo umepinda. Lakini mwili wa mtoto hauulizi nia ya mama. Kwa hiyo mnapopima ya huyo mdogo wa mleta mada, wekeni na lishe ya miaka ile ya kwanza, msiweke majonzi peke yake.

#33 MnyaluWaKihesa
Na hivyo viazi dalali anakuja na lumbesa, gunia linasimama na kilemba juu, bei ileile ya gunia moja. Hiyo hela ingebaki kwa mama, mtoto angepata maziwa. Mnasema malezi, mimi naona soko.

#34 Chunya_Dhahabu
Leo mnyalukolo umeongea. Ndicho nilichosema #12.

#35 Mtoto_Wa_Mbalizi
Samahani wakuu, langu ni la sasa hivi, si la zamani.

Mzee wangu amepata kiharusi, upande mmoja hauinuki. Ndugu wanasema mimi ndiye mwenye uwezo, nimchukue nikae naye. Huyu ndiye aliyenichoma mkono kwa kijinga cha moto kwa sababu nililamba sukari. Kovu liko hapa, nikiandika naliona. Nikimchukua ina maana nitamwogesha, nitamlisha kijiko kwa kijiko, nitashika ule mkono wake. Nina mtoto wa miaka minne ndani. Wanasema nikikataa nitakosa radhi na mambo yangu hayatanyooka. Nifanyeje?

#36 Mwl_Mstaafu
Mchukue mwanangu. Mzazi hana mbadala, na siku akiondoka hutapata nafasi nyingine.

#37 Ndaga_Fijo
Usimchukue. Kodi chumba karibu, lipa mtu wa kumhudumia, peleka dawa, basi. Kulea mzazi ni wajibu, kulala naye ukuta mmoja huku unatetemeka si wajibu. Mtoto wako wa miaka minne atakuwa analelewa na mtu anayetetemeka.

#38 Mama_Wawili
Mimi nilimuuguza mama wa kambo mpaka mwisho. Alikuwa ananinyima chakula, na mimi nikamlisha. Nilikuwa nasubiri neno samahani. Halikuja. Alichowahi kusema ni kwamba uji wangu hauna mabonge. Nisikudanganye kwamba nilipona kwa kumuuguza, nilichoka sana na nilikuwa mkali kwa wanangu mwaka ule wote. Lakini sijuti pia. Ukienda, nenda bila kusubiri samahani.

#39 Mchungaji_Uyole
Mwanangu, kusamehe ni agizo. Kumweka chumba cha pili na mwanao si agizo. Mimi nasimama na #37 kwenye hili. Na hao ndugu wanaotaja radhi waulize wao wanatoa kiasi gani kwa mwezi.

#40 Mtoto_Wa_Mbalizi
Asanteni. Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Nitakwenda na hoja ya kulipa mtu. Wakileta habari ya radhi nitakunja shati waone mkono, maana wengi wao hawajui.

#41 Gangilonga_Juu
Wajomba na baba wadogo waliokuwa wanakaa jirani enzi hizo? Wanajua. Jiandae kwa hilo.

#42 MgeniWaIlemi
Naomba niingilie, ni mara ya kwanza naandika hapa. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mtoto wa kama miaka saba anakaa na baba yake mdogo. Wiki hii amefungiwa nje usiku zaidi ya mara moja, na leo anachechemea. Nikisema naambiwa mimi mbea, mtoto wa watu hanihusu. Naanzia wapi?

#43 KaraniWaBaraza
Piga 116, simu ya mtoto, haina malipo. Watakuuliza uko wapi na umeona nini, eleza ulichoona tu. Wao wanaunganisha na ofisi ya ustawi wa jamii. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, unaweza kwenda moja kwa moja. Kama anachechemea anahitaji hospitali leo, si kesho, na fomu ya PF3, ile ya kutibiwa majeruhi, inatoka polisi. Mwenyekiti wa mtaa mjulishe pia, ila usimwachie yeye peke yake, wengi wanamalizana kirafiki na mtoto anarudi palepale.

#44 NesiWaTukuyu
Na ukiweza kumpata, mpe chakula na umwambie unamwona. Usimhoji sana. Usimwahidi kwamba hatarudi kule, hulijui hilo.

#45 MgeniWaIlemi
116 wamepokea. Wanataka jina la mtaa na la mwenyekiti, mwenyekiti simjui, nimehamia juzi tu.

#46 Mwl_Mstaafu
Niko Ilemi. Mwenyekiti nimemfundisha. Niandikie pembeni sasa hivi, navaa viatu.